Biri kibarazani: jinsi ya kuivuta na kuipima katika upepo wa Kitengela

KATIKA mitaa iliyochipuka kandokando ya barabara kuu ya Namanga, kutoka Kitengela kupitia Isinya hadi mjini Kajiado, nyumba nyingi zina kibaraza kinachotazama nyika. Hapo ndipo baadhi ya wenye nyumba huketi jioni za wikendi na kuwasha biri. Hii ni anasa ya gharama. Anayetoa pesa zake ana haki ya kujua amenunua kitu cha namna gani, na jirani yake ana haki ya kujua moshi unaovuka ua umebeba nini.

Kwanza tusafishe neno. Biri inayozungumziwa hapa ni tumbaku tupu iliyosokotwa ndani ya jani la tumbaku, bila karatasi wala kichujio. Neno hilohilo hutumika pia kwa vijisigara vyembamba vya Kihindi vinavyofungwa kwa jani la mti. Hivyo ni kitu kingine kabisa.

Biri iliyosokotwa kwa mkono ina sehemu tatu: majani ya ndani yanayoijaza, jani la kuyafungia, na jani la nje ambalo ndilo sura yake na aghalabu ndilo ghali kuliko yote. Kuba ina sifa ya kale kwa tumbaku ya Vuelta Abajo katika mkoa wa Pinar del Río, lakini leo Nikaragua, Jamhuri ya Dominika na Hondurasi zinazalisha biri zisizo na sababu ya kuona haya. Afrika nayo imo: jani la nje la Kamerun, jembamba na lenye vijipele vya mafuta, limetafutwa na wasokotaji kwa miongo mingi.

Kuna wanaouliza kwa nini Kenya haisokoti biri ilhali Migori, Meru, Bungoma na Busia zimelima tumbaku miaka mingi. Jibu limo katika ukaushaji. Tumbaku ya huko hulimwa hasa kwa ajili ya viwanda vya sigara na nyingi hukaushwa kwa joto la tanuri kwa siku chache. Jani la biri huning'inizwa bandani likakauka polepole kwa hewa, kisha hurundikwa na kuachwa lichachuke kwa miezi, rundo likipata joto lenyewe na kutoa harufu kali ya amonia. Asiyelisubiri jani hilo hulionja ukali wake ulimini.

Tuje Kitengela. Adui wa kwanza ni upepo. Si bure kwamba kaunti ya Kajiado ndiyo yenye mitambo ya upepo ya Ngong na ile 60 ya Kipeto iliyoanza kuzalisha umeme kibiashara mwaka wa 2021. Biri inayopigwa na upepo huwaka upande mmoja, hupata joto kupita kiasi na kugeuka chungu, na mvutaji huilaumu biri bure. Kwa kuwa kaskazi na kusi zote mbili hutufikia zikitokea upande wa mashariki, mahali pa kuketi ni upande wa magharibi wa nyumba, ukuta ukiwa mgongoni. Faida ya ziada ni kwamba jua huzama huko, nyuma ya vilima vya Ngong. Anayejenga na afikirie jambo hili kabla fundi hajamwaga simiti ya kibaraza.

Adui wa pili ni ukavu. Biri hutaka hewa yenye unyevu wa takriban asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Januari na Februari, nyasi za nyanda za Athi na Kapiti zinapogeuka rangi ya simba, biri iliyoachwa mezani hupasuka jani la nje kwa siku chache tu. Si lazima kununua kasha la mbao la bei ya mbuzi wawili. Kopo la plastiki linalofungika barabara, pamoja na kifuko cha kudhibiti unyevu, linatosha kabisa kwa biri 10 au 20. Mkazi wa Mombasa ana tabu iliyo kinyume: unyevu mwingi huleta ukungu, na joto likizidi nyuzi 24 au 25 huangua mayai ya kidudu cha tumbaku kiitwacho Lasioderma serricorne, ambacho hutoboa biri kama bisi anavyotoboa mhindi. Tundu la duara, dogo kama la sindano, ndilo ushahidi. Dawa yake ni kuzigandisha biri kwa siku tatu hivi, kisha kuzirudisha kwenye joto la kawaida hatua kwa hatua.

Wakati wa kununua, usidanganywe na pete ya karatasi. Biri za Kuba ndizo zinazoghushiwa zaidi duniani, na mtu anayekuuzia kasha zima kwa bei ya biri tatu hakukufanyia hisani. Kasha halali la Kuba lina muhuri wa dhamana wa serikali, na chini yake pamechomwa maandishi yanayosema biri hizo zimetengenezwa kwa mkono kabisa. Kasha la Cohiba lenye kifuniko cha kioo ni la kughushi. Hapa nchini, bidhaa za tumbaku zinapaswa kuwa na stempu ya ushuru. Isipokuwepo, ni heri kuondoka.

Vipimo visikutishe. Unene huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi, hivyo biri ya namba 50 ina kipenyo cha karibu milimita 20. Ile iitwayo robusto, yenye unene huo na urefu wa milimita 124, huchukua dakika 45 hadi saa moja. Kwa anayeanza, na kwa jioni ya Julai yenye baridi ya kuuma mifupa, hiyo inatosha na kusaza.

Kupima biri huanza kabla ya moto. Ibonyeze taratibu kwa vidole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine: pakiwa pagumu kama fundo, moshi utakwama, pakiwa pametepeta, itawaka haraka mno. Litazame jani la nje. Mishipa minene na mshono uliokaa ovyo ni dalili ya mkono wenye haraka. Kisha inuse kabla ya kuiwasha. Kata kichwa kidogo tu, milimita mbili hivi, maana ukikata chini ya kifuniko biri yote itafumuka mdomoni. Vuta mara moja bila moto. Ikiwa unavuta kama anayenyonya uji mzito kwa mrija, hiyo tayari ina alama mbaya.

Washa kwa njiti ndefu au kiberiti cha gesi, si kwa kaa la jiko wala kwa mshumaa, ambavyo huacha ladha yao. Zungusha ncha juu ya mwali bila kuugusa hadi ukingo wote uwe mwekundu. Baada ya hapo, vuta mara moja kwa dakika, bila kuushusha moshi kifuani. Haraka ndiyo huharibu biri nyingi nzuri.

Igawe katika theluthi tatu na uipe kila moja hukumu yake, kwa kuwa ladha hubadilika kadiri joto na mafuta yanavyosogea kuelekea mdomoni. Theluthi ya kwanza mara nyingi ni ya pilipili na kuni. Ya pili ndiyo inayosema ukweli wa biri. Ya tatu huwa kali, na wengi hufanya vyema kuiacha njiani. Wanaoandika tathmini ng'ambo hutaja matunda ambayo hatujawahi kuyatia kinywani. Hakuna haja. Tumia ulimi ulio nao: kahawa iliyokaangwa, kakao, pilipili manga, asali nyeusi, ngozi iliyokaushwa juani, udongo mweusi wa Kitengela tone la kwanza la mvua linapougonga. Andika daftarini tarehe, upepo ulivyokuwa na ulichokunywa. Chai ya rangi au maji humruhusu mtu kuonja. Pombe kali hujibu maswali isiyoulizwa. Na siku ambayo jirani anachoma takataka, au vumbi la malori ya mawe limetanda, usitoe hukumu yoyote.

Majivu nayo hupimwa. Yakikaa imara kwa sentimita mbili au tatu, majani ya ndani yamepangwa vizuri. Rangi yake hutegemea zaidi madini ya udongo, hivyo wanaodai majivu meupe ndiyo ubora wote wanatia chumvi.

Hapa pana jambo ambalo wazee wa Kimaasai walilijua kwa mkono kabla ya wenye maabara. Ugoro wao, unaohifadhiwa katika vikopo vya pembe au mwanzi vyenye kifuniko cha ngozi na shanga, huchanganywa na magadi, na Ziwa Magadi limo katika kaunti hiihii. Magadi ni alikali, na alikali huifungua nikotini ipenye kwenye utando wa pua au mdomo. Moshi wa biri una tabia hiyohiyo, tofauti na wa sigara ambao huhitaji mapafu. Ndiyo maana anayesema 'mimi simezi moshi' bado hupata nikotini yake yote, na uraibu wake pia.

Madhara hayafichiki. Biri kubwa moja inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Saratani ya kinywa, koo, zoloto na umio huwapata wavutaji wa biri hata wasiomeza moshi, na umio ni miongoni mwa saratani zinazoua Wakenya wengi. Hakuna kiwango kinachoitwa salama. Mvutaji wa biri moja kwa mwezi ana hatari ndogo kuliko wa biri mbili kwa siku, lakini si sawa na asiyevuta.

Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu udhibiti wa tumbaku mwaka wa 2004, kisha Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, inayopiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma na kuwauzia walio chini ya miaka 18. Sheria hiyo pia inampa kila mtu haki ya kukingwa dhidi ya moshi wa wengine. Kibaraza chako si eneo la umma, lakini ploti ya hamsini kwa mia ni ndogo, na dirisha la chumba cha mtoto wa jirani huenda liko hatua kumi kutoka kwenye kiti chako. Uliza kwanza, na uwashe watoto wako wakiwa ndani, madirisha yamefungwa.

Mwisho ni kipande kinachobaki. Biri haisagwi kama sigara. Ikiachwa katika kisahani cha udongo hujizima yenyewe kwa dakika chache. Usikirushe ng'ambo ya ua. Wakati wa kiangazi, cheche moja yaweza kuteketeza malisho ambayo mfugaji aliyatunza hadi mvua za Machi, na kipande chenyewe kina nikotini ya kutosha kumdhuru mwanakondoo au mbwa anayekitafuna. Kimwagie maji, kifunge kwenye karatasi, kisha kitie kwenye pipa lenye kifuniko.