Feriti na Ukubwa wa Kiini cha Transfoma

Tangu transfoma zilipoanza kutumika, swali moja limewafuata waundaji wake: kiini kiwe na ukubwa gani? Kiini ni ile sehemu ya kati inayozungushiwa nyaya, nayo hupitisha usumaku kutoka waya wa kwanza hadi wa pili. Kikiwa kikubwa mno, chombo huwa kizito na ghali. Kikiwa kidogo mno, huungua. Historia ya feriti yafaa kuangaliwa kwa sababu hiyo, maana ndani yake kitu chenye usumaku hafifu kilikuja kukishinda chenye usumaku mwingi.

Kiini cha kwanza kujulikana kilikuwa cha chuma. Tarehe 29 Agosti 1831, katika Royal Institution ya London, Michael Faraday alijaribu pete ya chuma laini yenye upana wa inchi 6 hivi, iliyozungushiwa nyaya pande mbili. Mkondo ulionekana katika waya wa pili kila waya wa kwanza ulipounganishwa na betri au ulipokatwa. Hata mwaka wa 1885, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri wa kiwanda cha Ganz, mjini Budapest, wakaunda transfoma yenye kiini kilichofungamana pande zote, ifaayo kwa kazi ya kila siku.

Lakini chuma kina ila yake. Kwa kuwa hupitisha umeme, usumaku unaogeuka-geuka huzalisha mikondo ndani ya kiini chenyewe, na mikondo hiyo hugeuka joto bure. Mafundi walikigawa chuma kuwa mabamba membamba yaliyotengwa kwa vihami, na baadaye wakakichanganya na silikoni. Dawa hiyo ilitosha kwa umeme wa mizunguko 50 au 60 kwa sekunde. Kwa simu na redio, ambazo mizunguko yake huhesabiwa kwa maelfu na mamilioni, haikutosha.

Mwaka wa 1930, Yogoro Kato na Takeshi Takei wa Chuo cha Ufundi cha Tokyo walivumbua feriti, na mwaka wa 1935 ikaanzishwa kampuni ya TDK ili kuitengeneza. Huko Eindhoven, Uholanzi, J. L. Snoek wa maabara ya Philips aliendeleza feriti za manganizi na zinki, na za nikeli na zinki. Mwaka wa 1948 Louis Néel wa Ufaransa alieleza kwa nini usumaku wake ni mdogo: ndani ya feriti chembe za usumaku zaelekea pande mbili zinazopingana, na kinachobaki ni tofauti yao tu.

Feriti huokwa katika tanuri kama chombo cha kauri, kwa oksidi ya chuma iliyochanganywa na oksidi za metali nyingine. Usumaku wake hushiba karibu na tesla 0.4 au 0.5, ilhali chuma cha silikoni hufika karibu 2. Lakini ukinzani wake kwa umeme ni mamilioni ya mara kuliko wa chuma, hivyo mikondo ile ya ndani haipati njia.

Faida yake yaonekana kwa hesabu. Volti za kila mzingo wa waya hupatikana kwa kuzidisha 4.44, idadi ya mizunguko kwa sekunde, eneo la kiini, na kipimo cha usumaku. Mathalani, kiini cha feriti cha namna ya ETD34 kina eneo la milimita za mraba 97. Kiini cha chuma chenye eneo hilo, kikitumiwa kwa tesla 1.5 na mizunguko 50, kingehitaji mizingo zaidi ya 7,000 kwa volti 230. Cha feriti, kwa tesla 0.1 tu lakini kwa mizunguko 100,000, chahitaji mizingo 54 hivi. Udhaifu wa usumaku umelipwa na wepesi wa mageuko.

Transista zilipoweza kuwasha na kuzima mkondo kwa kasi hiyo, hasa kuanzia miaka ya 1970, feriti ikaingia katika mitambo ya kugawa umeme wa vyombo, na haja ya kanuni ya kuchagua ukubwa ikazidi. Mwaka wa 1978 W. T. McLyman, aliyefanya kazi katika Jet Propulsion Laboratory ya California, alitoa kitabu chake cha uundaji wa transfoma. Njia moja iliyoenea ni kuzidisha eneo la kiini kwa eneo la dirisha lipitalo nyaya. Zao hilo hulinganishwa na nguvu inayotakiwa, kisha huchukuliwa kiini kinacholifikia, kiwe ETD34, ETD39 au ETD44.

Hata hivyo, zao hilo halisemi yote. Vipimo vyote vya kiini vikiongezwa mara 2, zao la maeneo huwa mara 16, ujazo unaozalisha joto mara 8, na uso unaolitoa nje mara 4 tu. Kwa hiyo kiini kikubwa hakiwezi kutumiwa kwa usumaku uleule wa kidogo. Hapana budi upunguzwe. Zaidi ya hayo, upotevu katika feriti hukua upesi: usumaku ukizidishwa mara 2, upotevu huweza kufika mara 5 au 6. Feriti nyingi za nguvu huundwa ili upotevu uwe mdogo kabisa karibu na nyuzi 100. Kiini kikipita hapo, kila joto linaloongezeka huleta upotevu mwingine, na wakati huohuo kiwango cha kushiba hushuka. Aliyechagua kiini kidogo ili kuokoa fedha huenda akapoteza transfoma pamoja na transista zinazoiendesha.

Basi katika siku za chuma, mwundaji aliuliza kwanza kiini chaweza kubeba usumaku kiasi gani. Feriti imemfundisha kuuliza kiini chaweza kutoa joto kiasi gani, na ukubwa ulio sawa hutokana na jibu hilo.