Kifungu cha 15: ari ya kazi Dar es Salaam, 1971–1973

Katika masomo yetu ya uongozi wa biashara, habari za ari ya kazi huanzia kiwanda cha Hawthorne, Cicero, karibu na Chicago. Mwaka 1924 watafiti walianza kubadilisha mwanga wa taa kiwandani ili waone kama kazi itaongezeka. Hata taa zilipofifishwa, mara nyingi kazi haikupungua. Mwaka 1927 wasichana watano waliounganisha vifaa vya simu waliwekwa katika chumba chao, wakapewa mapumziko na malipo ya namna mpya. Elton Mayo wa Harvard na wenzake wakafikia rai kwamba mtu hupata nguvu akijaliwa na kusikilizwa. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mwaka 1928 wawili kati ya wale watano waliondolewa, sababu mojawapo ikiwa kuongea mno!

Sisi tuliokulia huku Marekani katika nyumba za Kiswahili tumejiuliza kwa nini hatufundishwi habari za Dar es Salaam, ambako swali hilohilo liliulizwa na wafanyakazi wenyewe.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mabenki na makampuni mengi makubwa yakawa mali ya umma. Lakini mfanyakazi hakuwa na sauti kubwa. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja tu, NUTA, nacho kilikuwa karibu mno na serikali. Na sheria ya 1967 iliufanya mgomo halali kuwa jambo gumu kupita kiasi. Kisha, Februari 1971, majuma machache baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda, TANU ikatoa Mwongozo. Kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, kudharau watu na kuwaonea.

Mwongozo ulikuwa kwa Kiswahili. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa na uzito kuliko wanahistoria wengi wanavyokiri, kwa sababu mtu wa mashineni asiyejua Kiingereza cha ofisini aliweza kumsomea meneja wake kifungu chenyewe. Kazi zikaanza kusimama, kiwanda baada ya kiwanda. Mara nyingi lalamiko kubwa halikuwa mshahara. Watu walisema wanatukanwa, wanafukuzwa ovyo, wanafanywa kama watoto. Mahali pengine meneja alifika asubuhi akakuta amefungiwa lango.

Wakubwa wengine waliita huo uvivu na utovu wa nidhamu. Sisi hatukubali. Mama wa mmoja wetu hutunza wazee, zamu ya saa 12. Siku ya kawaida hurudi nyumbani akapika, akacheka na simu ya dada yake. Siku aliyokaripiwa mbele ya wagonjwa hulala na viatu. Kazi ni ileile, wagonjwa ni walewale. Kuvunjika moyo humaliza mwili pia, na wale wa Dar es Salaam walilijua hilo bila kufanyiwa utafiti na mtu.

Mwaka 1973 wafanyakazi wa Mount Carmel, kiwanda cha mpira cha mtu binafsi, walimtoa mwenye kiwanda wakaendesha kazi wenyewe. Serikali ilikubali. Wengine walipojaribu kuiga, mambo yakageuka: wakaambiwa warudi kazini, na baadhi yao wakakamatwa. Kifungu cha 15 kilibaki kitabuni, ila kukitumia langoni mwa kiwanda kukawa hatari. Hapo ndipo Hawthorne na Dar es Salaam zinapokutana: mfanyakazi alisikilizwa hadi pale maneno yake yalipoanza kugusa mamlaka.

Issa Shivji aliyaeleza mengi ya haya katika kitabu chake cha 1976, Class Struggles in Tanzania. Tumemwomba mwalimu wetu kisomwe juma lilelile la Mayo. Amesema ataangalia ratiba.