Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Suala la Utambulisho: Msomaji wa Kiswahili Kisii na Nyamira

Mwaka 1971, East African Literature Bureau, shirika la vitabu lililokuwa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lilichapisha Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi. Miaka mitatu baadaye shirika hilo hilo likatoa kitabu cha William Ochieng' kuhusu historia ya Abagusii kabla ya ukoloni. Ni nadra vitabu hivi viwili kutajwa pamoja. Kimoja ni riwaya ya Kiswahili inayosimulia masaibu ya binti wa Ukerewe. Cha pili ni kazi ya mwanahistoria, iliyoandikwa kwa Kiingereza, inayochunguza asili ya watu ambao leo wanaishi katika kaunti za Kisii na Nyamira. Hata hivyo vilizaliwa katika nyumba moja, na nyumba hiyo ilibomoka mwaka 1977. Makala haya yanachunguza jinsi kubomoka huko kulivyoathiri namna msomaji wa Kisii na Nyamira alivyojitambulisha mbele ya Kiswahili: kama mwenyeji, au kama mgeni aliyekaribishwa kwa sharti la mtihani.

Aghalabu suala hili huchukuliwa kuwa limekwisha kujibiwa. Husemwa kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani. Kwamba kilifika katika nyanda za juu za Gusii mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na askari, karani na mwenye duka. Na kwamba Ekegusii, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani, ya soko na ya kanisa, hakikukiachia nafasi ya kuota mizizi. Maelezo haya yana ukweli ndani yake. Biblia nzima ya Ekegusii ilitoka mwaka 1988, na hadi leo Ekegusii ni lugha hai isiyohitaji kuhurumiwa. Lakini hoja hiyo inakwama pindi inapofikishwa Ukerewe. Kisiwa hicho nacho si pwani. Kezilahabi hakuzaliwa katika Kiswahili; lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Ikiwa Kiswahili kiliweza kuwa lugha ya ubunifu wa hali ya juu kwa mtu wa Ukerewe, basi nguvu ya lugha ya mama haitoshi kueleza kwa nini Mgusii alibaki pembeni kwa muda mrefu.

Kwa upande wa lugha zenyewe, umbali si mkubwa kama unavyodhaniwa. Mtu asemaye omonto, omwana, engombe na enyomba hahitaji mkalimani ili atambue mtu, mwana, ng'ombe na nyumba. Hata neno kitabu, ambalo Kiswahili chenyewe kililitwaa kutoka Kiarabu, liliingia Ekegusii, likavishwa kiambishi cha kienyeji na kuwa egetabu, wingi wake ebitabu. Kikuria nacho kina udugu wa karibu zaidi na Ekegusii kuliko Kiswahili. Wasemaji wake wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, juu ya barabara ile ile inayotoka Kisii, ikapitia Migori hadi Isebania, kisha ikavuka Sirare kuelekea Tarime, Musoma na Mwanza. Katika Ziwa Victoria, meli za shirika la reli la Jumuiya ziliunganisha Kisumu na bandari hizo hizo za Musoma, Mwanza na Bukoba. Kwa hiyo, kabla ya 1977, Kisii haikuwa mwisho wa Kenya. Ilikuwa sehemu ya ujirani wa ziwa, ujirani wa watu wa Kibantu wa bara ambao kila mmoja alikuwa na lugha yake na wote kwa pamoja walikuwa wakijifunza kuandika kwa lugha moja ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Jambo hili la mwisho ndilo linalosahauliwa.

Jumuiya haikuvunjika kwa siku moja. Mkataba wake ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, lakini nyuzi zake za kitaaluma zilianza kukatika mapema. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika mwaka 1970 kuwa vyuo vitatu vya mataifa matatu. Baraza la mitihani la pamoja, lililoundwa 1967, lilipoteza Tanzania mwaka 1971. Mwaka huo huo Idi Amin alitwaa madaraka Uganda, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Tangu hapo marais watatu hawakukutana tena kama chombo cha juu cha Jumuiya. Mapema mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja lilisambaratika, Kenya ikaanzisha lake, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka. Kufikia Julai hapakuwa na bajeti ya Jumuiya, na pasipo bajeti hapakuwa na Jumuiya. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na mwaka 1984 mali ikagawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26. Reli, meli, ndege na majengo viliwekewa thamani. Wasomaji hawakuwekewa.

Katika kipindi hicho magazeti na wanasiasa walirushiana maneno ambayo wazee wa Kenya na Tanzania bado wanayakumbuka: huku ni nchi ya mtu kumla mtu, kule ni nchi ya mtu asiye na cha kula. Maneno hayo ni muhimu kwa mhakiki kuliko takwimu za mali, kwa sababu ndiyo yaliyoupa utengano lugha yake. Ndani yake Kiswahili chenyewe kilitiwa rangi ya siasa. Kilichokuwa lugha ya Afrika Mashariki kikaanza kuonekana, Kenya, kuwa lugha ya Tanzania na ya ujamaa, ambayo Mkenya wa bara huiazima na kuikosea.

Inafaa kutazama kidogo nje ya bara hili. Uingereza ilipiga kura kujitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 23 Juni 2016 na ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Wapiga kura wengi wa Ayalandi ya Kaskazini walitaka kubaki, na swali zito lililofuata lilihusu utambulisho kuliko bei ya bidhaa: nani ni Mbritania, nani ni Muayalandi, na mpaka unaopita katikati ya mashamba ya watu uwekwe wapi. Lakini watu wa huko wana hati mkononi. Mkataba wa Belfast wa 1998 unamruhusu mtu wa Ayalandi ya Kaskazini kujitambulisha kuwa Mbritania, Muayalandi, au vyote viwili, na asiulizwe zaidi. Mwaka 1977 hakuna mwananchi wa Isebania, Tarime wala Kisii aliyepigishwa kura, na hakuna hati iliyosema kwamba mtu anaweza kuwa Mkenya na pia Mwafrika Mashariki. Wa pili alitoweka pamoja na ofisi zilizokuwa zikimtambua.

Je, ni mpaka wenyewe uliobadilisha utambulisho? Kisii na Nyamira zinatoa jaribio zuri la swali hili, maana zina mpaka wao wa ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wilaya ya Nyamira ilimegwa kutoka Kisii, na tangu 2013 hizo ni kaunti mbili zenye magavana wawili. Mstari huo uliliacha jina la Mugirango pande zote mbili: Mugirango Kusini iko Kisii, Mugirango Kaskazini iko Nyamira. Siasa za ugawaji wa rasilimali zimekuwepo, na kelele zake si haba. Pamoja na hayo hakuna aliyedai kwamba upande mmoja umekuwa watu wengine. Lugha ni ile ile, kanisa ni lile lile, na, la muhimu kwa hoja hii, mtoto wa Nyamira na mtoto wa Kisii hufanya mtihani mmoja na husoma kitabu kimoja. Mstari wa Isebania ulikuwa tofauti kwa sababu nyuma yake kulikuwa na baraza jingine la mitihani, shirika jingine la vitabu na chuo kikuu kingine. Kilichowatenga wasomaji, basi, ni taasisi zilizojipanga nyuma ya mstari.

Historia ya shule inathibitisha jambo hili. Tume ya Ominde ilipendekeza Kiswahili kitiliwe mkazo mapema mwaka 1964, lakini kwa miongo miwili Kiswahili hakikutahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi nchini Kenya, na katika shule ya upili kilikuwa somo la hiari. Mzazi wa Kisii aliyetaka mwanawe apate nafasi katika shule nzuri alijua kwamba Kiingereza na hesabu ndivyo vilivyofungua mlango. Baraza la Mitihani la Kenya liliundwa mwaka 1980, ndani ya miaka ile ile ya mpaka kufungwa, na East African Literature Bureau ikarithiwa upande wa Kenya na Kenya Literature Bureau. Kisha mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, na kwa mara ya kwanza Kiswahili kikawa lazima na kikatahiniwa kote. Hivyo Mgusii alikutana na Kiswahili cha lazima wakati ambapo hakikuwa tena mali ya pamoja. Alikipokea kama somo la taifa la Kenya, lenye sarufi ya kukariri na alama za kukosa. Mwenzake wa ng'ambo ya Sirare alikuwa amekulia ndani ya lugha hiyo darasani na mkutanini. Tofauti hii imefafanuliwa na wengi kuwa tofauti ya vipaji au ya mapenzi ya lugha. Kusema kweli, ni tofauti ya ratiba.

Lakini fasihi haikutii mara moja. Mpaka ulipokuwa bado umefungwa, mwaka 1980, Longman Kenya ilichapisha Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari. Mtu angeweza kushawishika kulisoma jina la riwaya hiyo kama fumbo la Jumuiya. Usomaji huo haufai. Maimuna, anayefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, ni binti wa kisiwani, na adha zake ni za nyumba na jinsia. Uzito wa kihistoria wa kitabu hiki uko katika njia kilichopita. Mwandishi wa Zanzibar alitolewa Nairobi wakati magari hayakuruhusiwa kupita Sirare, na baadaye riwaya yake ikawa kitabu teule katika shule za upili za Kenya. Wanafunzi wa Kisii na Nyamira waliijua Zanzibar kupitia Maksuudi kabla ya kuijua kupitia ramani. Kinyume chake, Kezilahabi, jirani wa ziwa, aliyekuwa amechapishwa Nairobi zama za Jumuiya, alitoa Gamba la Nyoka mwaka 1979 huko huko Tanzania. Bahari ilipitisha kitabu, ziwa likakizuia.

Mwaka 1996 Ken Walibora alitoa Siku Njema. Kijana wa Tanga, aliyezaliwa na mwimbaji wa taarabu, anavuka kuingia Kenya na kwenda hadi Kitale kumtafuta baba yake. Kijana huyo anaitwa Kongowea Mswahili, na mzizi wa utata wa riwaya uko katika jina hilo: Mswahili ambaye nusu ya damu yake ni ya bara ya Kenya. Nchi mbili zilizoshindwa kuelewana kwa mkataba zinaunganishwa hapa na uzazi. Wahakiki wengi wamesifu lugha ya riwaya hii, tena kwa haki, lakini swali lake kuhusu nani mwenye Kiswahili limepewa nafasi ndogo. Kwa msomaji wa Kisii swali hilo ni lake. Iwapo mtoto wa baba wa Kitale anaweza kuitwa Mswahili bila kicheko, basi omonto aliyejifunza kusema mtu naye yumo ndani ya mlango.

Ingetarajiwa kwamba Jumuiya ilipofufuliwa, kwa mkataba wa 30 Novemba 1999 ulioanza kutumika Julai 2000, mlango huo ungepanuka zaidi. Jumuiya ya sasa ni kubwa kuliko ile ya kwanza: Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Isebania na Sirare zina kituo cha pamoja cha mpakani. Yote haya ni ya kupongezwa. Lakini mitihani haikurudi kuwa ya pamoja, na bila mtihani wa pamoja orodha ya vitabu hufuata bendera. Tangu muongo wa 2010, riwaya za lazima katika shule za upili za Kenya zimekuwa Kidagaa Kimemwozea ya Walibora, Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Ni kazi zinazostahili kusomwa, na si kosa la watunzi wake kwamba ni Wakenya. Hadithi fupi zimeacha ufa kidogo: Damu Nyeusi ilihaririwa na Walibora pamoja na Said Ahmed Mohamed, na hadithi iliyoipa jina diwani ya Tumbo Lisiloshiba ni ya huyo huyo Mohamed. Upande wa riwaya, hata hivyo, mambo yamegeuka juu chini. Mpaka ulipokuwa umefungwa, riwaya ya Zanzibar ilipata mchapishaji Nairobi na njia ya kufika Nyamira. Sasa mpaka uko wazi, na kati ya riwaya hizo tatu zilizofuatana hakuna hata moja iliyotungwa na mwandishi wa ng'ambo ya Sirare.