Jina la Nyamwage katika Kinywa cha Mgeni

Kusini mwa mto Rufiji, kando ya barabara iendayo Kilwa na Lindi, pana mahali paitwapo Nyamwage. Kwa msemaji wa Kiswahili jina hili lina silabi tatu, Nya-mwa-ge, na mkazo hukaa juu ya -mwa-. Mwingereza alisomaye katika ramani pasipo kufundishwa huona mwishoni mwake neno la lugha yake lenye maana ya ujira, litamkwalo "weji". Basi jina zima hulimalizia hivyo, na ny ya mwanzo huikata kuwa "ni-ya".

Yafaa tuitafute sababu kabla ya kucheka. Baada ya William Caxton kuanzisha uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, tahajia ya Kiingereza ilianza kuganda, hali irabu zake ndefu zikizidi kugeuka. Katika majina ya miji sauti nyingine zilimezwa kabisa, herufi zikabaki: Leicester husemwa "Lesta", na Greenwich "Grenichi". Msomaji aliyelelewa katika desturi hiyo hukisia kila jina geni. Hata Kenya, siku za ukoloni, Waingereza wengi waliiita "Kinya". Matamshi ya wenyeji yalishika nafasi yake baada ya uhuru wa mwaka 1963. Hapo twaona kuwa matamshi ya jina humfuata mwenye mamlaka.

Lakini Kiswahili nacho kina mamlaka yake. Tahajia iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930 ilijengwa juu ya Kiunguja, ambamo l na r hutenga maana: mahali si mahari. Katika vitabu na nyaraka twazoea kuandika Wandengereko, kwa r. Eva-Marie Ström, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Gothenburg ya mwaka 2013, aliiandika lugha ya watu hao Ndengeleko, kwa l, kama wasemavyo wenyewe. Basi tuliyomlaumu Mwingereza kwa Nyamwage, sisi tumemtendea jirani.

Sishauri ramani na nyaraka zibadilishwe, kwani tahajia moja ina faida yake. Nashauri kila kamusi ya majina ya mahali iweke, kando ya tahajia rasmi, matamshi ya wenyeji yaliyosikilizwa kwa wazee wa huko, maadamu wapo wa kuulizwa.