Baiskeli Isiyo na Keria

Wazee wa Kalemela huhesabu baiskeli kama wengine wanavyohesabu awamu za marais. Raleigh ya Waingereza, Phoenix ya Wachina, Swala ya hapa nyumbani, kisha Hero na Avon za Wahindi. Ukimtajia mzee mwaka fulani, atakuambia kwanza bei ya pamba mwaka huo, halafu nani alinunua baiskeli.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia na utafiti wangu ni wa pamba ya Usukuma, kwa hiyo hesabu hiyo naielewa. Mwaka huu imenifikia kwa mlango mwingine. Mdogo wangu wa kike ana miaka 19, anaendesha baiskeli kuniliko, na anataka kuingia mbio za baiskeli Bariadi. Anataka baiskeli ya mashindano, ile ya tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Fedha tuliyo nayo, yake na yangu, ni shilingi 250,000. Kwa bei elekezi ya msimu wa 2023, shilingi 1,060 kwa kilo, hiyo ni kama kilo 236 za pamba mbegu. Kwa wakulima wengi wa kwetu ni ekari nzima, tena mvua isipoleta mchezo.

Kalemela ni kata ya Wilaya ya Busega. Tuliingia Mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa Magu, Mkoa wa Mwanza. Mipaka imebadilika, zao ni lile lile. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima aliuza pamba kwa wafanyabiashara ambao mizani ilikuwa yao, na manung'uniko juu ya mizani hiyo yalichangia sana kuzaliwa kwa vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Fedha ya pamba ilipoanza kutulia mkononi, iliishia kwenye vitu vichache: ng'ombe, bati, baiskeli.

Babu yetu alinunua Raleigh mwaka wa Uhuru. Ilikuwa chuma kitupu kutoka Nottingham, tairi za inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, tandiko la ngozi, na keria nyuma ya kubeba gunia. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, alipita katika barabara yetu hii. Babu alikwenda kumwona kwa baiskeli. Bibi naye alikwenda, kwa miguu kama Mwalimu.

Ya Phoenix ina historia ninayoipenda zaidi. China ilipojenga reli ya TAZARA, kuanzia 1970 hadi 1975, sehemu ya gharama za hapa ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani mwetu. Ni katika miaka hiyo watu walipozoea vitu vya Kichina, zikiwemo baiskeli hizo za Shanghai. Zilikuja wakati wake. Mwaka 1974 watu walihamishiwa katika vijiji vipya, na wengi wakajikuta mashamba yao ya zamani yamebaki mbali. Baiskeli, iliyokuwa fahari ya mwenye mavuno mazuri, ikawa kitu cha lazima.

Kisha zikaadimika. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, vita vya Kagera vikafuata, fedha za kigeni zikakauka. Shirika la umma la NABICO lilikuwa likitengeneza Swala Dar es Salaam, lakini kiwanda kisicho na malighafi hakitoshelezi nchi. Baba anasema tairi ya kwanza aliyowahi kuitamani maishani aliiona imening'inizwa dukani, na kibao kimeandikwa kwamba haiuzwi. Mambo yalianza kulegea 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe.

Ukizitazama kwa jicho la fundi, baiskeli zote hizo ni moja. Wachina na Wahindi walifuata umbo lile lile la Mwingereza. Tairi ya Phoenix inaingia kwenye Raleigh, pedeli ya Hero inafungwa kwenye Phoenix, gololi ni zile zile. Fundi wa chini ya mwembe, mwenye spana tatu na beseni la maji la kutafutia pancha, anaweza kuhudumia miaka sitini ya historia bila kununua kifaa kipya. Hapo ndipo ulipo unafuu wa Phoenix. Bei ya dukani ni mwanzo tu. Kinachommaliza mtu wa kipato kidogo ni kipuri kisichopatikana.

Baiskeli ya mashindano inautoka undugu huo. Tairi ya Phoenix imeandikwa 28, na tairi nyingi za mashindano nazo huitwa 28. Lakini rimu ya Phoenix, pale tairi inapokaa, ina kipenyo cha milimita 635, na ile ya mashindano 622. Milimita 13 tu, ila tairi ya duka la Kalemela haitakaa hapo milele. Tundu la kujazia upepo nalo mara nyingi ni jembamba, pampu ya fundi hailishiki. Na fremu nyingi za kisasa ni za aluminiamu: ikipasuka, mchomeleaji wetu wa mageti hana la kufanya.

Baba alisikiliza yote hayo akasema, basi nunueni Phoenix, mfungue keria, ashindane nayo. Si wazo la kudharau. Vijana wengi wa Kanda ya Ziwa wameanza mbio hivyo hivyo.

Lakini keria inayofunguliwa hufungwa tena. Kila baiskeli iliyoingia nyumbani kwetu ililipiwa kwa pamba ambayo bibi na binti zake waliipalilia na kuichuma, na bibi hakuwahi kupanda hata moja ila nyuma, kwenye keria, miguu upande mmoja. Mama alinunuliwa Hero, kwa jina lake. Kabla msimu haujaisha ilikuwa inapeleka mahindi mashineni, inabeba mkaa, inakwenda na baba mdogo mnadani Lamadi. Waliokuja kuiazima waliiomba kwa baba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Chombo chenye keria hakikosi mzigo, na mzigo una wenyewe. Kwenye nyaraka ninazozisoma za ushirika, mkulima ni "yeye" asiye na jinsia, Kiswahili kinamsitiri. Ukija kwenye baiskeli unamwona ni nani.

Kwa hiyo tulitafuta nyepesi, ila ya chuma. Tulitumia siku mbili Mwanza kwenye mitumba kutoka Japani. Nilipitisha kidole kwenye kila kiungo cha fremu kutafuta ufa chini ya rangi, nikazungusha rimu kuona kama zinayumba, nikavuta mnyororo pale mbele kuona kama umelegea kwenye meno. Mdogo wangu alisimama juu ya kila moja, nyayo zote chini, kuona bomba la juu linamwachia nafasi. Tulizikataa zile za gia zinazolia "tak" kwa kila hatua, kwa sababu hizo huchagua vipuri. Tukachukua ya wenzo wa kizamani kwenye bomba la chini, unaousogeza mwenyewe mpaka gia ikubali. Haijali gia za nyuma zimetengenezwa na nani.

Baiskeli ilikuwa 190,000. Tairi mbili za akiba 36,000. Tyubu mbili na kichwa kidogo cha shaba cha kuunganishia pampu, 20,000. Zilibaki 4,000, na fundi wa Kalemela akazichukua kwa kukaza breki na kupaka grisi.

Fundi huyo aliitafuta sehemu ya kufungia keria. Fremu za kawaida zina matundu mawili karibu na ekseli ya nyuma. Hii haina. Baba naye alikuja, akaizunguka mara mbili, akainyanyua kwa mkono mmoja na kuirudisha chini polepole.

"Sasa gunia litakaa wapi?"

"Halikai, baba," mdogo wangu akamjibu, akaomba spana apandishe siti kidogo.