Nyeupe ya Behewa la Barafu

Kofia ya Boba Fett, mwindaji wa malipo katika Star Wars, ilianza ikiwa nyeupe tupu. Mwaka 1978 Duwayne Dunham alilivaa vazi hilo mbele ya kamera ili George Lucas alitazame. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo, Boba Fett alipopita kwenye gwaride la San Anselmo, California, akiwa na Darth Vader, weupe ulikuwa umekwisha. Joe Johnston alikuwa ameupaka kijani, wekundu uliofifia, manjano, na mikwaruzo ya rangi ya fedha. Hiyo fedha haikuwa chuma kilichochubuka. Ilikuwa rangi nayo.

Mimi hutengeneza nakala za kofia kama hiyo, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni: kijani gani? Jibu linapitia mahali ambapo wengi hawapatarajii, yaani reli. Mafundi wa mifano katika karakana ya Lucas walizoea Floquil, rangi iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya wapenzi wa treni ndogo. Majina yake yalikuwa ya kazi: nyekundu yake moja iliitwa Boxcar Red, kwa jina la behewa la mizigo, na nyeupe iliitwa Reefer White, kwa jina la behewa la barafu lililobeba nyama na matunda. Hivyo shujaa wa anga za mbali alivikwa rangi za mabehewa.

Kwa miaka mingi wapenzi wa vazi hili walilinganisha picha na chupa mpaka wakapata orodha waliyoiamini. Kisha mwaka 2013 Floquil ikaacha kutengenezwa. Chupa zilizobaki zikapanda bei, na zilizofunguliwa zikaanza kukauka. Tangu hapo kila anayechanganya rangi nyingine ili aipate ile ya zamani ananakili nakala.

Picha nazo hazisaidii sana. Filamu ya 1980 ilipigwa chini ya taa za studio, na kila toleo lililofuata lilisahihishwa rangi upya. Kijani kilekile huonekana cha kijivu katika onyesho moja na cha majani katika jingine. Hata vazi lenyewe halikutulia: vikinga vya mikono vilikuwa vya kijani mwaka 1980, na mwaka 1983 vikawa vyekundu. Anayesema anataka "rangi halisi" hajasema anataka ya mwaka gani.

Kwa hiyo sianzi na kofia. Ninapaka vipande vya plastiki ileile, juu ya rangi ya chini ileile, kwa sababu kijani kilichokaa juu ya fedha si sawa na kilichokaa juu ya kijivu. Ninasubiri vikauke kabisa, maana rangi ya maji ikikauka huwa nzito kuliko ilivyokuwa ndani ya kopo. Halafu ninavitazama nje kivulini, kisha chini ya balbu. Rangi mbili zinaweza kuwa pacha dirishani na zikaachana usiku. Inayoshinda kote kuwili ndiyo ninayoiandika, kwa matone, si kwa jina.

Wengine huona ni upuuzi kubishania kopo la kijani namna hii. Lakini Johnston hakuwa akipaka kwa ajili ya makumbusho. Alichukua chupa iliyokuwa mezani, akafanya kazi iliyotakiwa na filamu. Tukishindwa kujua chupa ile ilikuwa ipi, tunapoteza ushahidi wa jinsi mtu alivyofikiri akiwa na brashi mkononi: alianza na nini, alifunika nini, aliacha nini kionekane. Kofia za kwanza zinazeeka, na rangi zake zinabadilika zikiwa ndani ya vioo vya maonyesho. Siku moja nakala iliyopakwa kwa uangalifu, yenye daftari la matone kando yake, itakuwa karibu na mwaka 1980 kuliko kofia yenyewe.