Njia ya Pwani Nyingine

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba mwezi ujao unaenda pwani. Kabla hujamaliza sentensi atakuwa ashakuona Diani, una madafu mkononi. Hakuna anayefikiria Kalokol. Lakini Kenya ina pwani mbili. Hiyo ya pili iko kaskazini-magharibi, ina mchanga, mikoma, mawimbi, mashua za wavuvi na mamba. Ni ufuo wa Ziwa Turkana, ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko yote duniani. Na barabara ya kuifikia inapita milimani kabla ya kukutupa jangwani.

Siku hizi wasee wameanza kuipangia safari. Gari la kulala ndani kama lipo. Kama halipo, Probox yenye godoro nyuma, au Land Cruiser ya mtu yenye hema juu ya paa. Orodha iko kwenye simu: matairi mawili ya akiba, mitungi ya maji, mafuta ya kutosha kutoka Kitale, pampu ya upepo, koleo la kujichimbua mchangani. Orodha nzuri, sina ubishi nayo. Ila inachukulia kwamba hiyo barabara ni mandhari tu, kitu cha kupigwa picha kutoka dirishani. Kumbe kila swali unalojiuliza unapopanga, nipite saa ngapi, nilale wapi, nimwombe nani ruhusa, watu walishajiuliza hapo hapo kwa zaidi ya miaka 130. Wengi wao hawakuwa likizoni.

Tuanze na njia yenyewe. Ukitoka Kitale unapanda hadi Makutano na Kapenguria, kwenye baridi ya zaidi ya mita 2,000. Kisha unateremka Kamatira, unapita Chepareria na Ortum, milima ya Cherangani ikiwa kulia kwako na Mtelo, wenye zaidi ya mita 3,300, kushoto. Pale Marich milima inabanana, barabara inajipenyeza kati yake pamoja na mto, halafu ghafla ukuta unaisha. Mbele ni tambarare. Kainuk, Kalemng'orok, Lokichar, Lodwar. Ukifika Lodwar utakuwa umeshuka zaidi ya mita 1,500 kutoka Kapenguria, na sweta uliyovaa asubuhi itakuwa inakushangaza.

Safari iliyoandikwa sana katika vitabu vya nje ni ile ya Samuel Teleki, tajiri wa Hungaria, na Ludwig von Höhnel, afisa wa majini wa Austria. Waliliona ziwa Machi 1888 wakalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wao. Waturkana walikuwa na jina lao tayari, Anam ka Alakol, lakini hilo halikuwazuia wageni. Kisichosemwa sana ni kwamba hao wawili hawakupanga safari peke yao. Msafara ulitoka Pangani mwaka 1887 ukiwa na mamia ya wapagazi, na mtu aliyezijua njia za bara alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa hapo hapo Pangani. Yeye ndiye aliyejua shanga gani zinatakiwa wapi, na nani wa kusalimiwa kwanza. Kwa maneno mengine, aliyeshika orodha alikuwa Mswahili. Jina lililobaki kwenye ramani, hadi 1975, likawa la mwana wa mfalme ambaye hakuwahi hata kuliona ziwa.

Wakati wa kurudi walipita nchi ya Waturkana, kisha ya Wapokot, wakiwa na njaa kali. Yaani karibu na mitaa hii hii ya mto Turkwel ambako leo unaona ishara ya kwenda Katilu. Wafanyabiashara Waswahili waliendelea kuja Turkwel kutafuta pembe, na eneo la Ngabotok, si mbali na Kalemng'orok, likawa kituo cha biashara hiyo. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema Turkana ni sehemu ambayo "haijawahi kufikika", mwulize kwanza: haijafikiwa na nani?

Waingereza walipokuja, walikuja na bunduki. Mwaka 1918 walituma kikosi kikubwa, kilichojulikana kama Labur Patrol, kuwanyang'anya Waturkana silaha, na mifugo mingi ikachukuliwa. Baada ya hapo serikali ya kikoloni haikuwa na hamu ya kujenga kitu. Ilichotaka ni kufunga. Sheria ya Wilaya za Mbali ya 1902 iliwapa maafisa uwezo wa kuzuia mtu yeyote asiingie bila kibali. Sheria ya Wilaya Maalum ya 1934 ikaongeza uwezo wa kudhibiti wakaazi wenyewe: nani atoke, aende wapi, alishe mifugo wapi. Hebu fikiria hapo kidogo. Wewe leo unapanga safari ukiwa umelala kitandani. Kijana wa Turkana wa wakati huo alihitaji karatasi ya afisa ili atembee upande wa Kitale.

Na usidhani hayo yaliisha bendera ilipopandishwa 1963. Sheria hizo mbili zilibaki kwenye vitabu vya Kenya huru hadi 1997, zilipofutwa katika mageuzi yaliyotangulia uchaguzi wa mwaka huo. Kuna msomaji wa makala haya aliyezaliwa zikiwa bado hai. Ndiyo maana wazee wengi wa Turkana, na hata vijana, wakipanda basi kuelekea kusini bado husema, "Naenda Kenya." Watu wa Nairobi hucheka wakisikia hivyo. Lakini si utani. Ni kumbukumbu ya sheria.

Kwa serikali ya kikoloni, eneo lililofungwa lilikuwa na matumizi mengine: kuficha watu. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko walishtakiwa Kapenguria, mji ule ule unaosimama kununua chai na mandazi. Kapenguria ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa mbali na ndani ya eneo la vibali. Mawakili, waandishi na watazamaji wasingefika kwa urahisi. Hukumu ilitoka tarehe 8 Aprili 1953. Wafungwa wakapelekwa kaskazini kabisa, Lokitaung, mbele ya Lodwar, milimani karibu na ziwa. Wenzake wakipasua mawe, Kenyatta, kwa sababu ya umri, aliwekwa jikoni kuwa mpishi.

Dhana ya serikali ilikuwa kwamba umbali utafanya kazi ya ukuta. Lakini barabara ni kitu cha ajabu, haiendi upande mmoja tu. Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung, wakilalamikia hali yao, ilipenya hadi London na kuchapishwa katika gazeti la The Observer. Mwezi huo huo wa Juni, Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kuwataja Kenyatta na wenzake kuwa viongozi wa watu. Ukumbi ulichafuka. Jina lililokuwa limefichwa jangwani likarudi mjini. Kenyatta alihamishiwa Lodwar mwaka 1959, akakaa hapo hadi 1961, na nyumba aliyokaa ipo hadi leo. Kwenye orodha yako iandike kabla ya "kuogelea Eliye".

Sasa lami. Watu wengi hudhani kila barabara ya Kenya ni ya Mwingereza au ya Mchina. Hii ilikuwa ya Mnorwe. Katika miaka ya 1970 na 1980, Norwe ilimwaga pesa Turkana. Wazo lilikuwa kwamba mfugaji aliyepoteza mifugo kwa ukame anaweza kuwa mvuvi, samaki agandishwe Kalokol, kisha apelekwe kusini. Kwa hilo zilihitajika kiwanda na barabara, na vyote viwili vikajengwa. Kiwanda kilikuwa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini kugandisha samaki kwenye joto la Turkana ni gharama kubwa, na muda si mrefu Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa inatoa samaki wengi, ikakauka maji ya ziwa yaliposhuka. Jengo likabaki limesimama kama meli iliyosahauliwa nchi kavu.

Halafu siasa ikaingilia. Oktoba 1990 serikali ya Moi ilimkamata Koigi wa Wamwere, mpinzani aliyekuwa amepata hifadhi Norwe, ikamshtaki kwa uhaini. Norwe ikapinga, Moi akavunja uhusiano wa kibalozi, na Wanorwe wakafunga virago. Barabara ikabaki bila baba. Na miaka miwili baadaye, mwaka 1992, kambi ya Kakuma ilifunguliwa kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Malori ya chakula cha msaada yakaanza kupita kila wiki juu ya lami ambayo haikuwa na wa kuitunza. Ikafumuka. Kwa miaka mingi madereva walikuwa wanaiacha lami kabisa na kuendesha kando yake, mchangani, kwa sababu mchanga ulikuwa na mashimo machache. Vipande kutoka Lokichar kwenda Lodwar na kuendelea kaskazini vimejengwa upya miaka ya karibuni. Kwa hiyo ukiona gari linateleza bila kelele, usidhani ilikuwa hivyo siku zote.

Kipande cha Marich hadi Lokichar ndicho kinachotaka akili zaidi, na Kalemng'orok iko katikati yake. Huku kuna mambo mawili ya kuheshimu. La kwanza ni maji. Laga ni mto wa mchanga: mwezi mzima ni mkavu, watoto wanachimba visima ndani yake, halafu mvua inanyesha milimani ambako wewe huioni na mto unakuja kama lori. Mbingu juu yako inaweza kuwa safi kabisa. Novemba 2019 mvua iliporomosha milima ya Pokot Magharibi, makumi ya watu wakafa na madaraja yakasombwa. Turkana ikakatika na nchi nyingine. Ukikuta laga imejaa, zima gari na ungoje. Wenyeji wanangoja. Wewe ni nani?

La pili ni usalama. Kwa miaka mingi magari yalipita Kainuk kwa msafara, polisi mbele na nyuma. Februari 2023, baada ya polisi kuuawa katika shambulio Turkana Kusini, serikali ilipeleka jeshi katika kaunti sita za kaskazini. Watalii huuliza, "Ni salama?" kama wanaouliza hali ya hewa. Mwanafunzi wa Kalemng'orok hana nafasi ya kuahirisha safari hadi hali itulie. Barabara hiyo ndiyo inampeleka shule, hospitali, soko la mbuzi Lokichar. Uliza hali ya siku hiyo kituo cha polisi, pita mchana, na usiifanye hatari ya wengine kuwa hadithi yako ya ushujaa.

Machi 2012 mafuta yaligunduliwa kwenye kisima cha Ngamia-1, karibu na Lokichar, na Juni 2018 malori ya kwanza ya mafuta ghafi yakaondoka kuelekea Mombasa. Kwa hiyo hizo pwani mbili za Kenya zikaunganishwa kweli, lakini kwa lori la tangi. Haukupita mwezi wakaazi wakazuia malori, wakidai usalama kwanza. Wengine waliona ni ukaidi. Mimi naona ni watu walioielewa historia ya barabara yao: wameona pembe zikipita, wafungwa wakipita, samaki, msaada, mafuta, na kila mara wao wamebaki kando ya njia wakipunga mkono.

Hapo ndipo swali la kulala wapi linapokuwa zito kuliko linavyoonekana. Kando ya Turkwel utaona kivuli kizuri cha migunga na mikoma, hakuna ua, hakuna kibao. Utasema: hapa ni bure. Si bure. Waturkana wana utaratibu unaoitwa ekwar, ambapo familia inamiliki haki ya miti katika kipande fulani cha ukingo wa mto, kivuli chake, maganda yanayolisha mbuzi wakati wa kiangazi. Haki hiyo hurithiwa. Usipoona ua ni kwa sababu kila mtu wa hapo anajua mpaka uko wapi. Kukata tawi la kuni za kuchomea nyama yako ni kumwibia mtu akiba yake ya ukame.

Kiturkana kina neno emoit. Linamaanisha mtu wa nje, na pia linamaanisha adui. Ukisoma historia ya hii barabara hutashangaa kwa nini neno ni moja. Lakini dawa yake ni rahisi, na haiuzwi Kitale. Simamisha gari mbali kidogo na boma. Shuka. Toa salamu, "Ejoka?", ungoje ujibiwe. Uliza mti ni wa nani, sema unatoka wapi na utaondoka lini, na kama kuna maji ya ziada kwenye mitungi yako, usiyahesabu sana. Jumbe Kimemeta angekwambia hivyo hivyo. Hicho ndicho kipengele cha kwanza kwenye orodha. Pampu ya upepo ni ya pili.